Kisa cha Iutenhab: ugomvi wa nyumba moja ndani ya barua za Heqanakht

Katika barua yake ya kwanza, baada ya kuagiza mashamba yalimwe vipi na mbegu zilindwe vipi, Heqanakht anaandika amri moja isiyohusiana na kilimo hata kidogo. Mtumishi wa ndani aitwaye Senen atolewe nyumbani mwake siku ileile mjumbe Sihathor atakapowasili. Akilala humo hata siku moja zaidi, anamwambia Merisu aliyeachiwa kazi zote, lawama itakuwa yako, kwa maana wewe ndiwe unayemwacha amtendee vibaya mke wangu. Kisha anauliza kwa uchungu: kwa nini ni lazima niwakaripie? Mtumishi yule wa kike angeweza kuwafanya nini ninyi vijana watano?

Maneno haya yameandikwa Misri yapata miaka 4,000 iliyopita, kwa wino mweusi juu ya karatasi ya mafunjo, katika mwandiko wa haraka uitwao hieratiki ambao Wamisri waliutumia kwa shughuli za kila siku. Mwandishi wake hakuwa mfalme wala mshairi. Alikuwa kuhani wa ka, yaani mtu aliyewekwa kuhudumia kaburi la mkubwa mmoja, kupeleka sadaka za chakula na kinywaji kwa ajili ya nguvu ya uhai ya marehemu, na kwa kazi hiyo alipewa haki ya kula mapato ya mashamba yaliyowekwa wakfu. Kwa lugha ya leo tungesema ni mkulima mwenye nafasi kidogo, anayekodi mashamba zaidi ya aliyo nayo, anayewakopesha majirani nafaka, na ambaye kwa muda huo yuko mbali na nyumbani, akijaribu kuendesha nyumba kwa barua.

Kisa ninachokichambua ni kile cha mke huyo anayetendewa vibaya, ambaye jina lake, Iutenhab, linatajwa mara moja tu, na katika barua ya pili. Kwa juu juu ni kisa cha kawaida cha mke mgeni katika nyumba kubwa: watumishi wanamdharau, vijana wananyamaza, mume anafoka kutoka mbali. Lakini barua zenyewe, zikisomwa pamoja na hesabu za nafaka zilizomo ndani yake, zinaonyesha kwamba ugomvi huu haukuanzia kwa Senen na haukuishia kwake. Ulikuwa ugomvi wa shayiri. Mwenye nyumba alimtafuta mkosaji wa kumtoa nje wakati tatizo lilikuwa ndani ya ghala.

Barua zilipatikana msimu wa 1921 hadi 1922, wakati msafara wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, ukiongozwa na Herbert Winlock, ulipokuwa ukichimba kwenye majabali ya Deir el-Bahri, ng'ambo ya mto kutoka Luxor. Zilikuwa katika kifusi cha kaburi dogo la mtu aliyeitwa Meseh, ndani ya eneo la kaburi kubwa la waziri Ipi, ambaye ndiye mkubwa aliyehudumiwa na Heqanakht. Mwanzoni zilidhaniwa kuwa za wakati wa Mfalme Mentuhotep III. Leo wataalamu wengi huziweka katika miaka ya mwanzo ya Senwosret I, yapata 1950 K.K. T. G. H. James alizichapisha kwa ukamilifu mwaka 1962, na James P. Allen akazisoma upya na kuzitoa tena mwaka 2002. Hakuna aliyezitunza kwa makusudi. Zilikuwa takataka, na ukavu wa jangwa ndio ulioziokoa, na kwangu hili lina uzito kuliko tarehe zote, kwa sababu mtu anayejua kwamba maneno yake yatachongwa kwenye jiwe huyapima, ilhali huyu alikuwa anataka tu mashamba yalimwe na mkewe asiguswe.

Barua ya kwanza inaelekezwa kwa Merisu. Kwa muda mrefu wasomaji wamemchukua kuwa mtoto wa kwanza wa Heqanakht, ingawa barua hazisemi hivyo waziwazi, na inawezekana pia alikuwa msimamizi wa kazi tu. Vyovyote iwavyo, ndiye aliyekabidhiwa nyumba, na ndiye anayebeba kila lawama. Ardhi yote itakayofikiwa na maji ni juu yake kuilima. Mbegu za shayiri zilindwe, mali yote ilindwe, na kila kitu kitahesabiwa kwake. Vijana wawili, Nakht mwana wa Heti na Sinebniut, washuke mpaka mahali paitwapo Perhaa wakakodi shamba, na kodi yake ilipwe kwa nguo iliyofumwa pale nyumbani. Misri ya wakati ule haikuwa na sarafu. Nguo, shaba, mafuta na nafaka ndizo zilizokuwa fedha, kwa hiyo wanawake waliokaa kufuma nyumbani mwa Heqanakht walikuwa wanafuma kodi ya shamba, na jambo hili linafaa kukumbukwa pale baadaye tunapoona nani anapewa chakula kiasi gani.

Hapo ndipo hasira ya kwanza inapotoka, nayo ni ya nafaka. Sihathor alikuwa ametumwa kutoka nyumbani kumpelekea mzee chakula, akafika na shayiri kuukuu, kavu, iliyokuwa imekaa ghalani mahali paitwapo Djedsut, badala ya magunia 10 ya shayiri mpya nzuri. (Gunia lao lilikuwa dogo, kama lita 48, yaani si zaidi ya madebe mawili na nusu ya kwetu.) Heqanakht hapindi maneno: ninyi mnakula shayiri nzuri huko, mnaniletea mimi hii? Kama hamuwezi kunihesabia hata kipimo kimoja cha shayiri mpya, mimi sitawahesabia ninyi kamwe. Tunaona hapa nyumba iliyokwisha kugawanyika katika hesabu kabla hatujafika kwenye habari ya mke. Watu wa nyumbani wanaweka kilicho kizuri kwa ajili yao na kupeleka kilicho kibovu kwa mwenye mali, na mwenye mali analijua hilo. Sioni sababu ya kuwalaumu moja kwa moja. Mwaka ulikuwa mbaya, na mtu aliye karibu na ghala huona njaa ya watoto wake kabla ya kuona deni lake kwa aliye mbali.

Mara baada ya ukali huo, kalamu inageuka. Kuna kijana mdogo, Snefru, ambaye wengi humchukua kuwa kitinda mimba wa Heqanakht. Je, sikuwaambia kwamba Snefru amekua? Mtunzeni sana, mpeni posho. Msalimieni mara elfu, mara milioni. Maji yakifika shambani, alime pamoja nanyi na Anpu, kisha baada ya kilimo mmlete kwangu. Na mahali pengine, juu ya Anpu na Snefru kwa pamoja: mnakufa pamoja nao kama mnavyoishi pamoja nao, hakuna kitu katika nyumba hiyo kilicho na maana kuliko wao. Aliyeandika maneno ya shayiri kuukuu ndiye huyuhuyu aliyeandika maneno haya, kwa wino uleule, mistari michache tu baadaye. Wapo wasomaji waliomfanya Heqanakht kuwa bahili na mkali tu, na wapo waliomfanya baba mwema. Barua haituruhusu kuchagua.

Kisha inafuata amri ya kumtoa Senen, na salamu: mama yangu Ipi asalimiwe mara elfu, mara milioni, asalimiwe Hetepet, na watu wote wa nyumbani, na Nefret. Halafu, kana kwamba salamu zenyewe zimemkumbusha, anarudi palepale: ni nini hiki cha kumtendea mke wangu vibaya? Mmezidi. Ingekuwa vizuri kama nini mngeacha.

Nakaa kidogo kwenye neno lenyewe lililotafsiriwa hapa kama "mke", kwa sababu uchambuzi wa kisa hiki hutegemea sana neno gani mfasiri amelichagua. Kwa Kimisri mwanamke huyu anaitwa hebsut, neno linalohusiana na kitenzi cha kuvika na kufunika nguo. Wafasiri wa kwanza walilifasiri kwa maana ya suria, na kwa tafsiri hiyo kisa kizima kikachukua sura moja: mzee amejiletea mwanamke wa pembeni, na watu wa nyumbani, kwa haki yao, hawamtaki. Wafasiri wa baadaye wamependelea "mke mpya". Msomaji wa Kiswahili anazisikia tofauti hizi kwa ukali zaidi kuliko wasomaji wengine, kwa sababu katika historia ya pwani yetu suria alikuwa mjakazi aliyemilikiwa na bwana wake, na hakuna kitu katika barua hizi kinachoonyesha kwamba Iutenhab alimilikiwa na mtu. Hawara pia hafai, maana hawara hakai nyumbani na mama mkwe. Kama ningelazimika kuchagua neno moja ningechagua bi mdogo, kwa maana ileile inayotumika majumbani kwetu: mwanamke aliyekuja baada ya wengine, aliyeolewa kwa haki, ambaye hata hivyo kila mtu aliyemtangulia anajiona ana la kusema juu yake. Heqanakht mwenyewe analitetea hilo katika barua ya pili: huyu ni hebsut wangu, na jinsi hebsut wa mtu anavyopaswa kutendewa inajulikana. Mtu hasemi "inajulikana" juu ya jambo la siri. Anasema hivyo juu ya haki ambayo jamii nzima inaitambua na nyumba moja inaikiuka.

Barua ya pili ina sauti nyingine tangu mwanzo. Safari hii haanzi na Merisu. Anaanza na mama yake: mwana anaongea na mama yake Ipi, na Hetepet. Hamjambo? Mpo hai, mna afya, mna baraka za mungu Montu, bwana wa Thebes? Msiwe na wasiwasi juu yangu, mimi ni mzima. Yeyote aliyelelewa katika nyumba iliyokuwa ikipokea barua za ndugu aliyekwenda mjini kutafuta maisha anaujua mpangilio huu kwa moyo: kwanza hali, kisha mimi sijambo, kisha salamu kwa mmoja mmoja kwa jina, na baada ya hayo yote ndipo linakuja lile lililomfanya mtu ashike kalamu. Kwa Heqanakht lililomfanya ashike kalamu lilikuwa chakula, na alijua kwamba habari aliyoibeba ingepokelewa vibaya. Ndiyo maana alianza na mama. Aliyetaka posho ipunguzwe bila nyumba kuwaka moto alihitaji kwanza ridhaa ya mwanamke mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba ile.

Nchi nzima inakufa, anaandika, lakini ninyi hamjashinda na njaa. Posho zetu zimepangwa kulingana na mafuriko ya mto. Hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Kilimo cha Misri kilitegemea maji ya Nile kupanda kila mwaka, yakiletwa zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, na mto ukipanda kidogo mashamba ya pembezoni yalibaki makavu na hayakuzaa kitu mwaka huo. Hakukuwa na mvua ya kungojea wala msimu wa vuli wa kujaribu tena. Mkulima aliyetazama kina cha maji aliijua njaa miezi mingi kabla haijafika, na Heqanakht alikuwa ameiona. Ndipo akaandika orodha.

Orodha hiyo ni ya posho ya nafaka ya mwezi, jina kwa jina. Ipi na mjakazi wake, vipimo 8. Hetepet na mjakazi wake, 8. Nakht mwana wa Heti na wanaomtegemea, 8. Merisu na wanaomtegemea, 8. Chini yao wanafuata wengine kwa viwango vinavyoshuka, Anpu na Snefru kila mmoja 4, mpaka kufikia Sitweret, ambaye ni wa mwisho na ana vipimo 2. Kipimo kimoja kilikuwa kama lita 4.8, kwa hiyo vipimo 8 ni kama lita 38, karibu madebe mawili. Ikiwa ni shayiri, uzito wake ni kama kilo 24. Mama mzee na mjakazi wake wakigawana sawa, kila mmoja anabaki na chini ya nusu kilo ya nafaka kwa siku, na humo ndimo utoke mkate na pombe pia. Si njaa ya kuua, lakini hakuna anayeshiba. Na hawa ndio waliokuwa juu kabisa ya orodha.

Anajua watakasirika, na anasema hivyo. Msije mkakasirika kwa hili. Nyumba nzima ni kama watoto wangu, na kila kitu ni changu kukigawa. Nusu ya uhai ni bora kuliko kufa kabisa. Wazee wetu wangesema nusu shari kuliko shari kamili, na nilipolisoma neno lake mara ya kwanza nilisimama, kwa jinsi fikra ileile ilivyochukua umbo lilelile katika lugha mbili zisizojuana. Kisha anaongeza sentensi iliyozifanya barua hizi zijulikane: mtu aite njaa pale tu palipo na njaa, tazameni, huku wameanza kula watu. Wachambuzi wengi huliona hili kuwa ni kukuza mambo, na mimi naafikiana nao, lakini sababu ya kulikuza inafaa kutazamwa. Mtu hatumii kitisho cha namna hii kwa watu waliokwisha kukubali. Anakitumia kwa watu ambao tayari wamelalamika, na pengine wamelalamika kwa ujumbe uliopelekwa na Sihathor pamoja na ile shayiri kuukuu. Mwishoni anawafungia mlango: asiyeitaka posho hii, awe mwanamume au mwanamke, na aje kwangu aishi kama ninavyoishi mimi.

Sasa naomba msomaji airudie orodha ile na alitafute jina la Iutenhab. Halimo. Mama yumo na mjakazi wake, Hetepet yumo na mjakazi wake, wanaume wamo na wanaowategemea, yumo hata Sitweret mwenye vipimo viwili, lakini mwanamke ambaye kwa ajili yake mume ametishia watu katika barua mbili hana fungu lake. Huenda alihesabiwa ndani ya fungu la mtu mwingine, kwa kuwa maneno "wanaomtegemea" yanaweza kumbeba mtu yeyote. Kama ni hivyo, hali yake inaeleweka zaidi: alikuwa anakula kwa mkono wa mtu ambaye fungu lake lilikuwa limepunguzwa. Huenda pia Heqanakht alikwisha kuamua kumtoa pale, kwa maana katika barua hiyohiyo anaandika kwamba kama hawamtaki, basi Iutenhab aletwe kwake. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Katika nyumba inayogawiwa nafaka kwa jina, asiye na jina ni mdomo unaokula cha wengine, na hakuna mtumishi anayehitaji kufundishwa chuki mbele ya hesabu kama hiyo.

Jambo la pili la kutazama ni Senen. Barua ya kwanza ilimpa lawama yote. Katika barua ya pili hatajwi, na jina lake pia halimo katika orodha ya posho, kwa hiyo kuna kila dalili kwamba amri ilitekelezwa na mtumishi yule akaondoka. Lakini malalamiko ya mume hayakupungua. Yamekuwa makali zaidi. Yeyote atakayemtendea uovu mke wangu, anaandika, yeye ni adui yangu nami ni adui yake. Kuna yeyote kati yenu ambaye angevumilia akiletewa mashtaka dhidi ya mkewe? Basi nami nivumilie? Nitakaaje kula pamoja nanyi, kama hamuwezi kumheshimu mke wangu kwa ajili yangu? Swali hilo la mashtaka ni la thamani sana, kwa sababu linatuonyesha kile ambacho barua za upande mmoja huficha. Watu wa nyumbani hawakunyamaza. Walimpelekea mzee habari za mkewe, na habari hizo zilikuwa mbaya. Alichokuwa akikiita "kutendewa vibaya" wao walikiita kwa jina jingine, na kama barua zao zingeokoka, pengine leo tungekuwa tunamsikitikia Merisu.

Senen, kwa maoni yangu, ndiye aliyedhulumiwa zaidi katika kisa hiki, na ndiye anayepitwa haraka zaidi na wachambuzi. Heqanakht mwenyewe anakiri, bila kukusudia, kwamba mtumishi hakuwa na nguvu ya kutenda peke yake: angeweza kuwafanya nini ninyi vijana watano? Yaani alitenda kwa kuachiwa. Alikuwa mkono wa watu wengine. Lakini aliyeondoka katika mwaka wa njaa ni yeye, na waliomwachia wakabaki na vipimo vyao vinane.

Linganisha na namna Hetepet anavyoshughulikiwa. Naye pia anatetewa katika barua ya pili: nilipokuwa huko, anaandika Heqanakht, sikuwaambia msimzuie Hetepet na rafiki zake, awe msusi wake au mtumishi wake? Mtunzeni. Hatujui kwa hakika Hetepet alikuwa nani kwake. Wengine wamemchukua kuwa shangazi au dada, wengine wamedhani ni mke. Lakini mahali pake ni thabiti: anatajwa kando ya mama katika salamu za barua zote mbili, ana mjakazi, ana vipimo 8. Hata hivyo vijana walikuwa wakimzuilia hata msusi wake asifike. Kumbe dharau haikumlenga bi mdogo peke yake. Wanaume walioachiwa nyumba walikuwa wakifunga mlango kwa wageni wa wanawake wote, na mwaka wa njaa unatoa maelezo yaliyo karibu: kila mgeni anayeingia hukaribishwa kwa kitu. Mzee aliliona jambo la Hetepet na jambo la Iutenhab kuwa kitu kimoja, maana ameyaandika yakifuatana bila kupumua, na nadhani aliona sawasawa. Alichokosa kukiona, au hakutaka kukiandika, ni kwamba ile orodha aliyoituma kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa inaipa nguvu dharau hiyohiyo aliyoikemea mistari michache chini yake.

Na Snefru? Yule aliyetakiwa alime na Anpu kisha apelekwe kwa baba, katika barua ya pili amebadilisha mipango yote. Hakutaka kulima nanyi, akipanda na kushuka, anaandika mzee, wala hakutaka kuja kwangu. Basi kama anataka kuchunga wale mafahali, mpeni mafahali awachunge. Na lolote jingine atakalolitaka, mwacheni alifurahie. Watu wazima wanaambiwa kwamba chakula ni kwa anayefanya kazi tu, na kwamba wachimbe shamba kwa bidii mpaka pua ziguse udongo. Kijana aliyekataa kulima anapewa vipimo 4 na mafahali. Fikiria barua ikisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kama ilivyokuwa desturi mahali ambapo wachache walijua kusoma, na Merisu akiwa amesimama pale. Hapa tena hatuhitaji tabia mbaya ya mtu yeyote ili tuelewe kwa nini nyumba ile haikuwa na amani.

Pamoja na barua hizo mbili zilipatikana karatasi nyingine, zikiwemo hesabu za nafaka na madeni, na barua fupi ya binti kwa mama yake, wote wawili wakiitwa Sitnebsekhtu, ambayo haihusiani na nyumba hii na inatuonyesha tu kwamba salamu za namna ile zilikuwa za watu wote. Iliyo muhimu kwa kisa chetu ni barua ya tatu. Imeandikwa kwa ofisa mmoja aitwaye Herunefer, kwa adabu kamili na kwa mwandiko uliotulia, tofauti na ule wa barua za nyumbani. Allen ameona kwamba barua za nyumbani aliziandika Heqanakht mwenyewe na hii ya tatu ikaandikwa na mtu mwenye mafunzo zaidi. Ndani yake anaomba msaada wa kukusanya madeni ya shayiri na ngano. Wanaotumwa ni walewale Nakht na Sinebniut, nao wamebebeshwa kipimo cha nafaka cha Heqanakht mwenyewe, kilichofunikwa kwa ngozi nyeusi, ili asipunjwe. Mdaiwa akitaka kulipa kwa mafuta, chupa moja itahesabiwa kwa magunia mawili ya shayiri au matatu ya ngano; lakini mimi, anaongeza, napendelea nilipwe shayiri.

Alipendelea shayiri kwa sababu mafuta hayaliwi na watu zaidi ya kumi na wawili kwa mwezi mzima. Kama barua hii ingefika na madeni yakalipwa, ghala la nyumbani lingejaa kidogo, viwango vya posho vingeweza kupanda, na pengine pangepatikana mstari mmoja zaidi katika orodha kwa ajili ya jina la Iutenhab. Wachimbaji waliikuta bado imekunjwa, imefungwa kwa uzi na kupigwa muhuri, kama ilivyotoka mkononi mwa mwandishi.